Plagi Iliyogoma

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa bisibisi. Nilipewa daftari na pawasaplai mbovu, lile boksi la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuupunguza kabla haujaingia kwenye kompyuta, nikaambiwa nichore kila waya na rangi yake. Nilikuwa mtu mzima, nimetengeneza redio Magindu miaka mingi, nikaona nadharauliwa. Karakana ilikuwa Kibaha, jirani na Kwa Mathias. Mkuu wetu tulimwita Mama Fundi.

"Plagi kuingia si ruhusa ya kuwasha," alisema. "Chora nyaya za zamani, chora za mpya, linganisha. Ndipo uguse swichi."

Mwaka wa kwanza nilichora. Wa pili nikaona macho yangu yanatosha. Mazoea yana taabu, wanangu.

Ndipo nikatumwa Kisarawe, shule ya sekondari, ambako kompyuta ya mwalimu wa taaluma ilikuwa imezimika. Mwalimu Mwanahawa alinipokea mlangoni. Alama za kidato cha nne, tangu walipoanza shule, zilikuwa humo, na kesho yake zilitakiwa wilayani. Nakala hakuna.

"Watoto wangu wote wamo humo ndani, fundi," alisema.

Nilifunga pawasaplai mpya. Plagi kubwa, ile ya ubao mkuu wa kompyuta, iliingia kwa ulaini mpaka ikalia *kla*. Niliona kabisa kwamba rangi za nyaya zake hazikufuatana kama za ile ya zamani. Nikajiambia viwanda vina mambo yao. Kilichoniudhi ni plagi ya diski, kule zinakohifadhiwa kumbukumbu. Diski ilitaka plagi bapa, zangu zote zilikuwa za pini nne nene. Nilisukuma, nikageuza, nikaitukana. Kiunganishi cha kuzipatanisha nilijua nimekiacha Kibaha.

"Washa basi tuone kama inapumua," alisema mwalimu.

Nikawasha.

Kilipasuka kitu ndani, moshi ukatoka, na harufu ya kuungua ikajaa ofisini. Mwalimu Mwanahawa aliketi sakafuni palepale, ameziba mdomo kwa ushungi. Mimi nilibaki nimeshika bisibisi. Nikampigia Mama Fundi.

"Ulichora?"

"Hapana, mama."

Kisha akauliza, "Diski ilikuwa imepata umeme?"

"Plagi iligoma kuingia."

"Ichomoe hiyo diski. Uje nayo, na mwalimu naye aje."

Njia nzima hadi Kibaha Mwalimu Mwanahawa aliipakata diski ile. Mama Fundi aliichomeka kwenye kompyuta nyingine. Tulisubiri. Orodha ikafunguka, na mwalimu akasoma jina la kwanza kwa sauti, "Abdallah," akaangua kilio. Nami nililia, sioni aibu kusema.

Mama Fundi hakunigombeza. Alinisukumia daftari. Nikachora, na kosa langu likajitokeza: kompyuta za aina ile zilipangiwa nyaya zake kivyake. Pale ubao ulipotaka volti tano, mimi nimeupa kumi na mbili, na umeme huo ukarudi kwenye njia ileile ambayo ingelisha diski.

"Ingekuwa imechomekwa?" niliuliza.

"Ungekwenda kuwaambia wazazi wewe mwenyewe."

Nikainamisha mkoba kutafuta kalamu nyingine. Kiunganishi kikaanguka mezani. Sikukiacha Kibaha. Kilikuwa kwenye mfuko wa pembeni siku nzima, nami sikutafuta. Mwalimu akauliza ni kitu gani kile. Nikakirudisha mfukoni, nikaendelea kuchora.

Nimestaafu sasa, nakaa Kongowe. Watu husifu mikono yangu, na vijana huniletea mashine zao wakicheka kwamba mzee huyu hawashi kitu bila daftari. Wacheke. Plagi ikigoma, hainitishi. Ikiingia kwa ulaini na kulia *kla*, mpaka leo jasho hunitoka, nami huweka bisibisi chini nikaomba kalamu.