Ndoo ya Chachu

Marcellien Dewaele hakuwahi kukausha glasi kwa kitambaa. Aliisuuza kwa maji baridi na kumimina bia glasi ingali na maji. Hata siku ya mazishi ya mkewe aliwapokonya majirani vitambaa jikoni, akisema mafuta yaliyo kwenye vitambaa yanaua povu la bia.

Miaka thelathini na minane alipika bia katika abasia ya watawa ya Sint-Godwin. Hakuwa mtawa. Alikuwa mwajiriwa tu, mwenye binti mmoja, Roelinde. Kila Jumanne aliengua povu la chachu juu ya bia changa, akaliweka kwenye ndoo kwa ajili ya pishi lijalo. Abasia ya jirani ikiharibikiwa na chachu, walikuja na ndoo, wakajaziwa, wakaondoka kwa asante tu. Sint-Godwin nao waliipata hivyo hivyo, baada ya vita, Wajerumani walipokwisha kubeba masufuria yote ya shaba.

Kisha abati, mkuu wa watawa, akauza jina la abasia. Watawa walikuwa wamebaki saba na paa linavuja, kwa hiyo kiwanda cha mjini kikapewa ruhusa ya kupika bia kwa jina hilo na kuipamba chupa kwa picha ya mtawa anayecheka. Marcellien aliambiwa na dereva wa lori aliyekuja kubeba mapipa, kwamba pale hapapikwi tena.

Alikasirika, lakini chachu ilikuwa hai na haikuwa na kosa. Akaipeleka mwenyewe kiwandani. Bwana mmoja mwenye tai akamwambia, kwa upole uliomuuma kuliko tusi, kwamba chachu wanayo. Walichonunua ni jina. Kesho yake Marcellien akaipakia ndoo kwenye baiskeli, akaiacha kwenye abasia ya jirani.

Mwaka haukuisha, bwana yule akabisha mlangoni na boksi la chokoleti. Wanywaji wa zamani walikuwa wakilalamika kwamba bia ina ladha ya maji ya sabuni. Sasa kiwanda kiliitaka ile chachu, na kingelipa vizuri.

"Mwombe mtawa wako wa kwenye karatasi ya chupa," Marcellien akamjibu. "Si anacheka? Basi mapishi anayajua."

Roelinde alimsindikiza mgeni hadi kwenye gari, akarudi amefura kwa hasira. Alimkumbusha babake kifua chake kibovu, na nyumba yenye unyevu hadi kitandani.

"Ukiomba ndoo moja kule kwa jirani, Baba, watakupa. Watapungukiwa na nini?"

Mzee akapiga meza hadi chokoleti zikamwagika. Roelinde akachukua koti lake. Hawakuonana tena, maana Ijumaa ya wiki ile moyo wa mzee ulisimama. Aliyobaki nayo Roelinde ni maneno ambayo mzee alimfuata nayo hadi mlangoni, akihema:

"Tulipewa bure, mwanangu. Chachu haikuwa yangu niiuze, kama jina lile lisivyokuwa la abati aliuze. Mkamwambie abati hivyo, wewe na huyo mwenzako wa tai."