Filimbi ya Watu Wawili

Jaifar bin Saeed alistaafu mwaka 2001, baada ya miaka ishirini na saba ya kuchora ramani za barabara katika wizara moja kule Maskati. Mwaka huohuo binti yake wa mwisho, Aseel, akaolewa na kuhamia mji wa Al Amerat. Nyumba yao ya mtaa wa Hail ikabaki na watu wawili, yeye na mkewe Bi Khole, na mazungumzo yao yakawa mkate na dawa ya presha. Hawakugombana. Maneno yaliwaishia tu, na jambo hilo lilimuuma Jaifar kuliko magoti.

Msimu wa tamasha la Maskati, kwenye bustani ya Qurum, akawaona wanaume wanne kutoka milima ya Bolivia, wamevaa kofia za sufu zinazofunika masikio, wakipuliza filimbi za mianzi iliyofungwa safu. Hakubanduka mpaka walipomaliza. Mmoja wao, kwa Kiingereza cha kuokoteza, akamweleza: filimbi ile ni safu mbili, na sauti zimegawanywa, moja huku, moja kule. Mpigaji mmoja ana nusu ya wimbo. Nusu ya pili iko mdomoni mwa mwenziwe. Kisha akamwonyesha punje za mahindi kiganjani mwake. Hutumbukizwa ndani ya mwanzi kupandisha sauti mpaka ikae sawa.

Jaifar akarudi nyumbani na homa ya mianzi. Aliinunua kwa muuza miche, akaikata kwa msumeno, kila kipande akikiachia fundo lake chini ili pumzi isipite, akaipiga msasa, akaifunga safu mbili kwa uzi wa kushonea viatu. Mahindi hakuwa nayo. Jikoni palikuwa na choroko.

"Mama Aseel, safu hii yako."

"Mie? Nna umri gani mie wa kupuliza mianzi? Watu watasema tumerukwa na akili sote wawili. Heri mmoja."

Basi akapuliza nusu yake peke yake, wiki tatu, wimbo una mapengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno. Asubuhi moja Khole akikuna nazi, Jaifar akasikia pengo limejazwa. Mkewe alikuwa akiimbia puani zile sauti zilizokosekana, wala hajijui. Jaifar alijifanya hakusikia, akapiga polepole zaidi, moyo umemjaa furaha.

Kilichomponza ni ulimi. Aseel alipowaalika karamu ya nyumba mpya, Jaifar alimwambia kwa simu kwamba baba na mama watapiga filimbi pamoja. Aseel akawatangazia wakwe wote. Khole alipopata habari alimkata jicho mumewe. Kisha akarudi jikoni kwake.

Yule Mbolivia alikuwa amesema mianzi hulia vizuri ikilowa. Siku mbili kabla ya karamu Jaifar akaziroweka safu zote mbili, akazifunga kwa taulo. Asubuhi ya karamu akapuliza, ikatoka sauti ya kuku aliyekabwa. Akachungulia ndani. Choroko zimevimba, na mwanzi wa tatu umechipua.

"Baba Aseel," Khole alisema, ameshika ukuta kwa kicheko, "miaka thalathini na mitano unakula choroko kwangu, hujui zikirowekwa huota?"

Jaifar hakucheka. "Nilitaka upige na mie, Khole. Nimechoka na kimya cha nyumba hii."

Kicheko kikakatika. Khole akaenda chumbani, akarudi na pini ya nywele na kitambaa kilichofungwa fundo. Akachokoa choroko zote, moja moja, kisha akafungua kitambaa: shanga nyeupe na nyekundu za utunda aliovaa kiunoni mwaka wa harusi yao, ambao uzi wake ulikatika zamani. Jaifar alizitambua papo hapo, masikio yakamwaka moto.

"Hizi haziwezi kuota," alisema Khole.

Akawa anaimba sauti, Jaifar anapuliza, yeye anatumbukiza shanga mpaka zilingane. Walipomaliza safu zote mbili, Khole akachukua ya pili akaipeleka mdomoni, na sauti ikatoka safi.

"Khole! Umejifunza lini?"

"Ukenda msikitini unadhani nafanya nini hapa?"

Kule Al Amerat walipiga wimbo mzima bila pengo hata moja. Khole aliharakisha mara mbili, Jaifar akamfuata mbio. Vigelegele vikajaa ukumbi. Bi Nasriya, mama mkwe wa Aseel, akaitikisa filimbi sikioni, ikalia chaka chaka.

"Mashallah, mmetia nini humu ndani, sauti tamu hivi?"

Jaifar akainamia kikombe chake cha kahawa.

"Choroko," akajibu Khole, bila kupepesa jicho.