Matofali Yaliyofunikwa Majani

Wiki hii nzima niko Shelui na mvua haijakata. Nauza chai na chapati kando ya lami, na tangu maji yapande juu ya daraja huko mbele, malori yamepanga foleni mpaka nje ya mji. Kwangu mimi ni neema, unga unaisha kabla ya saa nne. Redio inasema mvua ya namna hii haijawahi kupimwa tangu waanze kupima. Juzi dereva mmoja, kikombe mkononi, akasema, "Mwaka jana mlilia ukame, leo koki imefunguliwa mpaka mwisho. Nani kati yenu kaenda kuifungua?" Watu wakacheka. Mwenzake akanigeukia, "Au ni wewe dada? Naona biashara yako inakwenda vizuri sana!" Nikacheka nao, maana mimi sinuni hovyo. Ila chapati iliyokuwa kwenye moto iliungua, na tangu hapo nimekuwa na neno kifuani. Ngoja nikwambie wewe.

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Niliishi na bibi, mzaa mama, kwenye kijiji kimoja cha mbugani ukishuka kutoka Kiomboi. Mvua ilikuwa imetukimbia misimu miwili. Uwele uliota, ukafika magotini, ukakauka umesimama. Tulikula ugali mara moja kwa siku kwa mlenda wa kukausha, na bibi alikwangua sufuria mpaka meno yananisisimka. Maji tulifukua kwenye mchanga wa korongo. Unachota kikombe kimoja, unasubiri yajae, unachota tena, na nyuma yako foleni ya ndoo imefika kwenye miiba.

Kwenye foleni ile ndipo nilipojifunza kuangalia watu kwa jicho la pembeni. Wakubwa hawakuuliza mvua itakuja lini, waliuliza nani. Wingu linapanda jeusi, limejaa kabisa, tunatoa ndoo na mabeseni nje, halafu upepo unakuja linatawanyika. "Limefukuzwa," wanasema, na kila mtu anatazama mwenzake alikuwa anafanya nini wakati ule. Kuna mzee mmoja alikohoa wingu likiwa linapita, basi wiki nzima hakusalimiwa vizuri. Ukicheka sana unaulizwa umekula nini. Nami nilikuwa mtoto wa kucheka, kwa hiyo niliulizwa mara nyingi.

Aliyetazamwa kuliko wote ni jirani yetu, mama mjane aliyehamia kutoka upande wa Ikungi. Kazi yake ilikuwa kufyatua matofali. Siku zile kijijini kwetu nyumba zote zilikuwa za tembe, kuta za miti na udongo, na paa bapa la udongo juu yake. Ya matofali ya kuchoma ilikuwa ya kwake peke yake, na bati linang'aa. Sasa unawajua watu wetu. Mfyatua matofali haombi mvua, kwa sababu tone likishuka kabla hajachoma, kazi yake ya mwezi inageuka tope. Hivyo mvua ikikosekana, wa kwanza kusemwa kwamba ameifunga ni yeye. Bibi alikuwa anasimama mlangoni, mkono kiunoni, anamtazama jirani akikanda udongo kwa maji ya dimbwi ambayo hata ng'ombe waliyakataa. "Huyo jua ndiye mume wake sasa," anasema, neno lililokuwa midomoni mwa kijiji kizima. Kisha ananiangalia mimi. "Na wewe usipite pale."

Nilipita. Kila siku nilipita. Nikimwambia shikamoo alikuwa anaitika kwa sauti ndefu ya furaha, kama mtu aliyekaa muda mrefu bila kusalimiwa, na ndivyo ilivyokuwa kweli. Alinipa kiazi kikavu cha kuchemsha, kitamu kama peremende, akaniacha nilainishe matofali mabichi kwa kiganja kilicholowa. Mimi nilikuwa najenga ghorofa kichwani, na bibi nimempangia chumba cha juu kabisa chenye dirisha la kioo. Siku moja nilimkuta anayafunika yote kwa majani makavu, safu baada ya safu. Nikamuuliza kwa nini, wakati mvua yenyewe hakuna. Akacheka. "Siogopi mvua, mwanangu, naogopa jua. Likiyakausha haraka yanapasuka. Lazima yakauke polepole, kwenye kivuli." Nikamsaidia mpaka tukamaliza.

Kesho yake asubuhi, kwenye foleni ya maji, mama mmoja akaniuliza, "Eti wewe unayeshinda kule, mfyatuaji wenu anafanya nini siku hizi?" Nikajibu, "Amefunika matofali yote kwa majani."

Vikombe vikasimama. Sikuwahi kusikilizwa na wakubwa namna ile. Mama yule akachukua ndoo yangu, akaijaza kwanza, akanitwika mwenyewe. "Mtoto ana macho huyu," akasema. Nami sikumalizia. Maneno ya jua nilikuwa nayo mdomoni kabisa, ila niliona yakitoka nitarudi kuwa mtoto wa kawaida mwenye ndoo tupu. Nikaondoka na maji yangu.

Siku ya tatu mvua ikanyesha.

Kwanza ilikuwa sherehe. Vigelegele, watoto tunaoga chini ya mifereji ya paa, bibi anacheza uani na khanga imemganda mwilini. Harufu ya udongo ule mpaka leo sijui niifananishe na nini. Lakini haikukata. Siku ya pili ikaendelea, ya tatu ikazidi, na wazee wakasema hawajaona wala hawajasimuliwa. Mbuga ikawa ziwa. Kuku walikaa juu ya kinu. Paa la tembe linakunywa maji kama sponji, linakuwa zito, nguzo zinaanza kulia. Saa nane mchana ya siku ya nne bibi alinivuta mkono, tukatoka, na nyuma yetu nyumba ikakaa chini taratibu kama ng'ombe aliyechoka.

Jirani alikuwa mlangoni kwake anapunga. "Mama! Mlete mtoto! Njooni!" Maji yalikuwa yamenifika kifuani. Bibi akasimama palepale. "Nikiingia humo nitatoka nikiwa nani?" alisema, na sikujua ananiambia mimi au Mungu. Nililia, nikamvuta, tukaingia.

Msingi wake ulikuwa umeinuliwa, maji hayakuingia, na tulikuta wengi wamekimbilia humo. Tulikaa siku mbili, migongo ukutani, na kila mmoja alikuwa na swali lilelile machoni: zetu zimeanguka, ya huyu mbona imesimama? Jirani akapika uji kwa unga wake wa mwisho. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mzee yule wa kikohozi akasema, "Onja kwanza wewe, mama." Akaonja. Wa pili naye akataka aonjewe kikombe chake. Basi alionja vikombe vyote, mpaka akasema, "Jamani, mtakuta nimeshiba mimi peke yangu." Sisi watoto tulicheka. Wakubwa walikunywa wanamtazama juu ya vikombe.

Maji yaliposhuka, mwenyekiti wa kitongoji aliita watu. Maneno yalikuwa yameshapangwa: aliifunga mvua apate kufyatua, alipomaliza akaifungua, na kwa hasira ya kusemwa akaifungua yote. Uthibitisho ni kwamba alijua siku, ndiyo maana alifunika. Nani aliona? Mama wa kwenye foleni akaninyooshea kidole.

Nikasimama. Jirani alinitazama kwa uso wa kungoja tu, hakuwa na hasira. Alijua kwamba najua.

"Alifunika matofali?" mwenyekiti akauliza.

"Ndiyo. Alifunika."

"Vizuri. Kaa."

Pale kati ya "alifunika" na "kaa" palikuwa na nafasi. Fupi, lakini ilikuwepo, na nimeipima mara nyingi kuliko wanavyopima mvua. Nikakaa. Jirani akajieleza mwenyewe kuhusu jua, na kijana mmoja akapaza sauti, "Leo mume wake huyo amegeuka wa kumwogopa?" Watu wakaangua kicheko. Akaambiwa awe ameondoka kabla ya Jumamosi.

Aliondoka Ijumaa, godoro kichwani, kuku wawili mkononi. Hakuna aliyeniambia alielekea wapi, na mpaka leo wanawake wa umri wake wakishuka kwenye mabasi hapa Shelui nawatazama nyuso. Nyumba akaiacha. Jumapili, baada ya kanisa, bibi alifagia ndani, akawasha moto kwenye mafiga ya jirani, tukahamia. Watu walisema ni haki, maana sisi ndio tulikuwa karibu zaidi. Bibi alisema nyumba haina kosa.

Nilipomaliza darasa la saba nilishindwa kuibeba siri ile tena. Tulikuwa tumekaa mlangoni pa nyumba ile tunapukuchua alizeti, nikamwambia bibi yote, jua, kivuli, na maneno niliyoyameza. Nilitegemea atanipiga.

"Najua," alisema bibi, mikono haikusimama. "Nilipokuwa msichana tulifinyanga vyungu. Udongo mbichi hauachwi juani, unafunikwa majani. Siku ileile ya mkutano nilijua."

"Sasa bibi, mbona hukusema?"

Alipuliza makapi, akachagua mawe mawili, akayatupa.

"Nyumba yetu ilikuwa imeanguka, mama. Tungelala wapi?"

Tembe za kwetu zimekwisha, hutaona hata moja ya kumwonyesha mtoto. Korongo limebadili njia. Bibi naye alizikwa mwaka juzi, nikamlilia mpaka sauti ikakauka, kwa sababu alinilea na alinipenda, na hilo silitilii shaka hata kidogo. Lakini kuanzia alasiri ile ya alizeti, kila aliponiita nije kula nilikuwa namtazama kwanza kidogo, halafu ndiyo naitika.