Kunde za Jumamosi

Binti yangu alikuwa na miaka tisa nilipompa kazi ya kupika mboga kila Jumamosi. Majirani hapa Amalemba walinicheka. Walisema kazi ya mtoto wa siku hizi ni vitabu. Nikawaambia vitabu havipiki kunde. Sikuwa natafuta mtumishi. Nilitaka mtoto anayejua kwamba nyumba hii inamtegemea na yeye. Kubishana nami ni kazi bure, hata mume wangu aliacha zamani.

Jumamosi ya kwanza alichambua kunde vizuri, akaziosha, akabandika sufuria. Kisha akatia musherekha. Hiyo ni chumvi yetu ya maji, tunayochuja kwenye majivu ya maganda ya maharagwe. Kidogo tu hulainisha mboga. Ikizidi, mboga huwa chungu hata mbwa hukataa. Nilikuwa nimemwambia vijiko viwili. Yeye, kwa kutaka kunifurahisha, akatia kikombe kizima ili ziive haraka.

Nikaonja, nikatema. Halafu nikafanya jambo ninaloona aibu kulisimulia mpaka leo. Nilimnyang'anya sufuria, nikamwaga kila kitu shimoni mbele ya ndugu zake, nikapika upya huku nikibamiza vifuniko. Yeye alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Hakulia. Afadhali angelia.

Kwa majuma matatu hakugusa jiko. Hata nikimwambia amimine chai, aliniuliza mara mbili, mara tatu, "Hivi, Mama? Ama hivi?" Mwalimu wake akaniita, akaniambia mtoto ameacha kuinua mkono darasani. Nilirudi kutoka shuleni kwa miguu, nikijitukana njia nzima. Kazi nilimpa ili ajiamini, kisha nikaumwaga ujasiri wake shimoni pamoja na kunde.

Nikaapa. Angerudi jikoni, na mimi ningekaa nje, hata nyumba ijae moshi.

Jumamosi iliyofuata mama mkwe, ambaye watoto humwita Kukhu, akatutembelea kutoka Likuyani, na mahindi mabichi na chupa ya musherekha aliyoichuja mwenyewe. Siku ya mgeni kama huyo, mke mwenye akili zake hupika mwenyewe. Mimi nilisonga obusuma, ugali wetu, nikaufunika mezani, kisha nikamwita binti yangu na kumwonyesha kunde.

"Na Kukhu ako?" akauliza, macho yamemtoka.

"Kukhu pia anakulanga mboga," nikamwambia. Nikatoka.

Tulikaa barazani, mimi na mama mkwe. Tukasikia kifuniko kikianguka, maji yakimwagika, kisha kimya kirefu. Mama mkwe akainuka.

"Huyu mtoto ataharibu mboga. Wacha niende nimsaidie."

"Kaa, Mama, tafadhali."

"Kwani wewe ni mwanamke wa aina gani?"

"Mkaidi, Mama. Kaa."

Akakaa, amenuna. Hakujua kwamba nilikuwa nimeshikilia kiti changu kwa mikono miwili. Nilitaka kukimbilia jikoni kuliko yeye. Niliogopa sana. Nilijua kwamba binti yangu akishindwa leo, mbele ya nyanya yake, sitampata tena.

Mwishowe akatuita. Bakuli la kunde lilikuwa mezani, na yeye amesimama kando yake, mashavu yana jasho.

"Kukhu, musherekha yako ni kali kushinda ya sokoni," akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa majuma matatu. "Nilitia vijiko viwili vile Mama alinifunza. Nikaonja, ikakuwa chungu. Nikamwaga hiyo maji yote, nikatia ingine na maziwa. Bado iko na uchungu kidogo."

Hakuna aliyemuuliza. Alisema mwenyewe.

Mama mkwe akamega tonge, akachovya, akatafuna bila haraka.

"Ni kweli," akasema. "Yangu ni kali." Akamega lingine.

Binti yangu akachukua sahani yangu. Akanipakulia kunde nyingi kuliko nilivyozoea kula, akaiweka mbele yangu, akanitazama bila kupepesa.

"Kula, Mama," akasema. "Na usimwage."