Insha Iliyopoza Chai

Kwenye kibanda kimoja cha chai hapa Kaaga, mama mwenye kibanda humtaka bintiye wa kidato cha nne asome insha zake za Kiingereza kwa sauti mbele ya wateja. Mtihani umekaribia na alama zimekataa kupanda.

Alipomaliza moja, mama akauliza, "Wateja walirudia simu zao ukisoma wapi?"

"Pale jua linachomoza kama dhahabu, mum."

"Toa hiyo."

Binti akaanza upya, pale ng'ombe wao alipozalia shambani mwa jirani wasiyesalimiana naye. Mtu wa bodaboda akaacha andazi hewani.

"Nimemaliza," binti akasema.

"Unamaliza aje?" akafoka yule wa bodaboda. "Na ndama ni wa nani?"

Mama akapiga meza. "Mteja akiuliza, umeshinda."

Mwalimu atasahihisha kwa kalamu nyekundu. Sisi wateja tulishasahihisha kwa vikombe: chai yote ilishika utando, na hakuna aliyeomba apashiwe moto.