Paipu ya Gari la Ayanle

Mume wangu Salat ni fundi wa magari hapa Galbet, na ana kiburi cha mkono. Mafundi wengine husoma namba za vipuri. Yeye hushika chuma, akakigeuzageuza, akasema, "Huyu namjua." Huyu! Utadhani ni ngamia. Alichunga mifugo upande wa Bura mpaka akaota ndevu, na mimi Kaltun nasema wazi, mpaka leo hajaacha kuchunga.

Gari lililotaka kunitoa roho ni la jirani yetu, Hooyo Sadiyo. Hooyo ni mama kwetu Wasomali; ana miaka sabini na kitu, na uani kwake kuna gari la mbio la Kijapani, jekundu, la milango miwili, la mwaka wa tisini na moja. Lilikuwa la mwanawe wa pekee, Ayanle, aliyefariki miaka minne iliyopita. Hooyo hajui kuendesha. Lakini kila Ijumaa baada ya swala Salat huenda kuliwasha, naye mama hukaa akisikiliza mngurumo kwa robo saa. Siku hiyo ndiyo pekee anayomaliza chakula chake. Madalali wamekuja kutoka Nairobi, kawafukuza. Na injini ile haipatikani tena. Ikifa, basi.

Sasa Jumatatu Salat akakuta dimbwi la oili chini ya gari. Paipu inayopeleka oili mbele ikapozwe ilikuwa imepasuka kwa uzee. Akaifungua. Halafu, Subhanallah, akafanya alivyofundishwa na baba yake malishoni: mnyama wa mtu akikufia mikononi, unampelekea mwenyewe kipande cha ngozi chenye alama yake, ajue hukumuuza. Salat hurudisha kila kipuri kibovu vivyo hivyo, siku hiyohiyo. Tabia nzuri, imemjengea jina mjini. Lakini pima kwanza, mwanamume! Hakupima. Akaifuta ile paipu, akaifunga kwenye gazeti, akamkabidhi mama.

Jumatano akaja na Abdinasir, yule anayetengeneza paipu za pampu za mashamba ya mtoni. Walikuwa na paipu mpya ambayo Salat aliichagua kwa kumbukumbu ya vidole. Nati ikaingia mizunguko miwili, ikakwama.

"Kaza tu, itakubali," Abdinasir akasema.

Salat akaweka spana. Nikaona mshipa wa shingo umemsimama. Nikamshika mkono.

"Warya Salat! Ukiharibu meno ya pale kwenye injini, utamwambia nini Hooyo?"

Nilidhani atanifokea. Akaitoa nati polepole. Meno hayakuwa sawa. Akapiga simu Nairobi, duka moja, la pili, la tatu, wote wakajibu neno moja: leta sampuli, gari hilo lina paipu za aina tatu. Basi akaenda kumwomba mama ile ya zamani.

"Kile kitu kilichooza?" Hooyo akashangaa. "Jana nimempa mtu wa vyuma chakavu na masufuria mabovu."

Nikamgeukia mume wangu. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, nikayameza, maana mama alituangalia usoni mmoja baada ya mwingine, akaelewa. "Nimeliua mimi?" akauliza. "Salat, ni mimi?"

"Si wewe, Hooyo. Ni mimi," Salat akasema. Hilo sikuwahi kulisikia kwake.

Alhamisi asubuhi tukafika kwenye yadi ya vyuma kule Iftin, mtu yule anakouza, tukakuta lori limeshapakiwa, dereva ameshika usukani. Mwenye yadi, Hamdi, mwanamke wa maneno machache, akasema lori haliwezi kungoja, lina safari. Salat akapanda lorini. Akaanza kupekua ule mlima wa mabati na vyuma. Dereva akapiga honi. Mimi nikaenda nikasimama mbele ya lori, na buibui langu, mikono kiunoni. Nikamwambia, "Kanyaga kama wewe ni mwanamume." Akazima injini huku akinitukana kwa Kisomali, nami nikamrudishia kwa lugha hiyohiyo.

Saa nzima nilisikia vyuma vikigongana. Salat alikuwa akipekua huku amefumba macho, wallahi, anapapasa tu. Kiganja kikachanika, akakifunga kwa kilemba chake, akaendelea. Mwisho akainua kitu kilichopinda, cheusi, akanionyesha: ile paipu. Nikampisha dereva njia.

Abdinasir akazikata ncha zote mbili za zamani, akazichomelea kwenye paipu mpya inayovumilia moto. Safari hii nati ziliingia kwa vidole mpaka mwisho. Lakini kuchomelea ni kuchomelea, hujui mpaka oili ipite kwa nguvu.

Ijumaa baada ya swala, Salat akajaza oili, akainama chini ya boneti, mkono wake usio na jeraha kwenye kiungo. "Hooyo, sikufichi," akasema. "Kiungo kikiachia, oili yote itamwagika, na injini itakwama na kufa kabla hatujaizima. Ukisema tuache, tunaacha. Kaltun, ingia uwashe."

Nilikuwa nimeshafungua mlango mama aliponivuta nguo.

"Ayanle alifia hospitalini Nairobi, mimi niko hapa ninapika chai," akasema. "Sikuwepo. Hili likifa, life mkononi mwangu. Nionyesheni ufunguo unazungushwa vipi."

Akaketi kwenye kiti cha mwanawe. Nikamwekea vidole kwenye ufunguo. Akasoma Bismillahi, akazungusha. Injini ikakohoa, ikawaka, uani kote kukatetemeka. Taa nyekundu ya kuonya kuwa oili haijafika ikabaki inawaka. Ikabaki. Nikamwona Salat amefumba macho, midomo inacheza. Nikataka kupiga kelele mama azime. Kisha taa ikazimika.

"Haivuji!" Salat akaita. "Kaltun, haivuji!"

Nikaketi mchangani palepale, nikalia kwa sauti kama mtoto, nikimshukuru Mungu na kumlaani Salat kwa pumzi moja. Mama akatoa kichwa dirishani.

"Nyamaza, Kaltun," akasema. "Namsikiliza."