Swichi Kumi na Nne za Urho

Kesho saa tatu asubuhi mkaguzi angeingia kuipekua nyumba ya Urho Lampinen pale mjini Hancock kabla haijatiwa sokoni, na Urho alikuwa tayari kama bwana harusi. Balbu mpya, mabomba yamekazwa, theluji imekwanguliwa hadi barabarani. Ripoti ikitoka safi, angeuza na kuhamia karibu na bintiye. Ikitoka chafu, angebaki na baridi yake mwaka mwingine.

Kazi moja ilimshinda: boksi la umeme kule chini ya nyumba. Swichi kumi na nne, hakuna hata moja iliyoandikwa jina. Dalali wa nyumba alisema wazi: “Mzee, andika kila swichi inazima wapi.”

Sasa nikwambie, maana umeme mimi naujua kuliko wengi wenye vyeti: kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja chini anazima, mwingine juu anapiga kelele. Miaka arobaini na moja aliyepiga kelele alikuwa mkewe, Lempi, ndiyo maana hakuna aliyejisumbua kuandika. Lempi walimzika Februari.

Urho akazima ya kwanza, akapanda ngazi kumi na tatu kuangalia, akashuka. Kufika swichi ya tatu, magoti yakagoma. Basi akatumia akili: akaweka redio chumbani, sauti mpaka mwisho, akarudi chini. Ikinyamaza, amepata.

Haikupata hata nafasi ya kunyamaza. Kilichokuja ni mlango kugongwa. Bernadine, jirani, koti juu ya aproni.

“We Urho! Umekuwa kiziwi au umeoa?”

“Natafuta swichi.”

“Kwa ngoma za polka?”

Akamweleza. Bernadine akaguna, akavua buti. “Shuka basi. Lakini nina nyama kwenye oveni, usinifanye kijakazi wako.”

Urho akashuka, akazima.

“Imezima!” sauti ikaja kutoka juu. “Ya chumbani!”

Mzee akaganda, kidole kwenye swichi. Toka Februari hakuna aliyempigia kelele kutoka juu.

“Umelala huko?”

“Naandika, mama!”

Wakaenda hivyo, sebule, bafu, varanda. Kumi na tatu zikaisha upesi mno. Ya mwisho ilikuwa ya jikoni.

“Imezima!”

“Sijasikia!”

Akawasha, akazima.

“Imezima, nimesema!”

“Hebu tena!”

Hatua zikasogea hadi juu ya ngazi. “Urho, jikoni umenizimia mara mbili. Hata marehemu huko aliko amesikia.”

Urho akainamia kalamu yake, masikio yamemwiva kwa aibu. Mwongo mkubwa, tena hana ufundi.

“Haya,” Bernadine akasema, taratibu. “Zima tena.”

Akazima. Bernadine akapiga kelele ya kuamsha mtaa. Halafu akavaa buti, maana nyama haimngoji mtu, na mlango ukafungwa.

Asubuhi mkaguzi, kijana mpole mwenye tochi, alifungua boksi akatabasamu.

“Kazi safi, mzee. Wengi huandika ovyo ovyo. Ulifanya peke yako?”

“Tulikuwa wawili,” Urho akasema, akavuta pumzi aeleze.

Mkaguzi alishageukia tanuri la kupasha nyumba joto. “Hili lina miaka mingapi?”